Insha Niliyoandika Juu ya Mng'ao

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mama wa Kizungu aliyekuja kazini kwa baiskeli, na kidoleni alivaa pete yenye jiwe jeupe lisilotulia. Ukilitazama mara ya kwanza unaona maziwa, halafu ndani ya maziwa unaona kijani, halafu wekundu kidogo, kama kaa la moto lililofunikwa na jivu. Tulikuwa wasichana kumi na wanne katika darasa la saba pale Nakuru, na nadhani wote kumi na wanne tulijifunza Kiingereza macho yetu yakiwa kwenye pete ile.

Siku moja tulikuta katika kitabu cha kusoma neno "iridescent". Msichana tuliyekuwa tukiketi naye dawati moja akainua mkono, akauliza kama hilo ndilo neno la jiwe la mwalimu. Mwalimu akaitazama pete yake, akatabasamu, akasema hapana, jiwe lake ni "opalescent", na hayo ni mambo mawili tofauti.

"Tofauti yake ni nini, mwalimu?"

"Ni vigumu kuwaeleza," akasema. "Lugha yenu ina neno moja tu. Sufuria inang'aa, nyota inang'aa, kiatu kinang'aa. Kwenu kila kitu kinang'aa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema kwamba kwetu hakuna theluji. Rafiki yangu akaketi, na chini ya dawati akanikanyaga mguu, nami nilimjua vya kutosha kujua kwamba amekasirika.

Rafiki yangu huyu alikuwa Mkikuyu, binti wa mkamaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja huko Njoro. Ili asome, alikuwa akikaa kwa shangazi yake mtaa wa Bondeni, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sisi tulikuwa Waislamu. Babu yangu alitoka pwani akifuata kazi ya reli, na baba yangu alichochea moto kwenye garimoshi la Kisumu, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Rafiki yangu aliingia na kutoka kwetu kama kwao. Mama alimwita mwanangu, kwa sauti ileile aliyoniitia mimi.

Mchana ule tukitoka shule alinishika mkono akaniambia, "Neno moja tu? Kuna kumeremeta. Kuna kumetameta. Na vitu ambavyo havina neno tutavitafutia."

Tukavitafuta kweli. Nikikumbuka miezi ile naona kama hatukufanya kazi nyingine yoyote. Mbele ya duka la nafaka la Mhindi kulikuwa na njiwa waliookota mahindi yaliyomwagika, na tulichuchumaa pale kuwatazama shingo. Njiwa akigeuka huku, shingo ni ya zambarau. Akigeuka huku, ni ya kijani. Penye reli, mahali injini zilipoegeshwa, mafuta yalikuwa yakidondoka juu ya madimbwi na kutandaza rangi zote za upinde wa mvua. Tuliinama, tukainuka, tukazunguka dimbwi upande wa pili, na rangi zikahama pamoja nasi.

"Hiyo ndiyo iridescent," rafiki yangu akasema. "Rangi haimo kwenye mafuta. Inategemea wewe umesimama wapi."

Lakini opalescent ilitushinda hadi siku za mapumziko, aliponichukua kwao Njoro. Baba yake alikuwa ametoka kukamua, na mama yake alikuwa akisuuza mikebe ya maziwa. Yale maji ya kusuuza, yenye maziwa kidogo tu, rafiki yangu akayatia ndani ya chupa ya dawa iliyokuwa tupu, akainyanyua juani. Ukiyatazama kwa ubavu yalikuwa ya samawati, kama moshi wa kuni mbichi. Ukiielekeza chupa kwenye jua na kutazama kupitia kwake, yaligeuka rangi ya chungwa. Na wakati wote yalibaki meupe.

Alikaa na chupa ile muda mrefu hata mama yake akamwambia aache kuchezea maji ya watu.

"Sichezi, mama. Nasoma." Kisha akanigeukia. "Umeona? Kwenye mafuta, mwanga unagonga juu unarudi. Hapa mwanga umeingia ndani ukapotea njia."

Mama yake akacheka, akasema huyu mtoto shule itamfanya awe mwehu. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu ni mara moja tu niliyomsikia mama yule akicheka.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikawashuku Wakikuyu wote kuwa waasi. Wakikuyu wa mashambani wakaanza kupakiwa kwenye malori na mabehewa kurudishwa rizavu, maeneo yaliyotengewa kabila lao, wengi wao rizavu ambayo hawakuwahi kuiona kwa macho, maana walizaliwa hapahapa Rift Valley. Wazazi wa rafiki yangu walichukuliwa siku ya kazi, katikati ya juma, na habari zilitufikia mjini kupitia kwa mtu aliyeleta maziwa. Hakujua walipelekwa wapi. Alichosema ni kwamba waliruhusiwa kubeba walichoweza kushika mikononi, na kwamba ng'ombe walilia mchana kutwa kwa kutokamuliwa.

Siku chache baadaye, Jumapili asubuhi, msako ukaingia Bondeni. Rafiki yangu alikuwa kwetu, amekuja kuazima kalamu, amevaa sare ya shule, nguo yake pekee nzuri. Tulisikia magari, tukasikia milango ikigongwa, na kupitia upenyo wa dirisha tukamwona shangazi yake akisukumwa kwenda kwenye lori, mtoto mgongoni. Rafiki yangu alitaka kutoka. Mama akamshika mabega akamketisha kitandani.

"Ukitoka hapo nje, utapelekwa wapi?"

"Kwa mama."

"Mama yako yuko wapi?"

Mama akafungua sanduku, akatoa buibui lake la zamani, akamvalisha. "Basi utakaa hapa mpaka tujue walipo. Wewe ni mtoto wa dada yangu, umetoka Mombasa. Umesikia, mwanangu?"

Alikaa kwetu wiki tano. Shuleni jina lake lilipigwa mstari kwenye rejista, na nafasi yake kwenye dawati langu ikabaki wazi, hakuna aliyehamia. Mimi nilikwenda asubuhi na kurudi mchana na masomo yote, nikamfundisha alichofundisha mwalimu, na mara nyingi alikielewa kuliko nilivyokielewa mimi niliyekuwapo. Mama alimfundisha kuswali, ili mtu akiingia ghafla asishangae. Alijifunza Fatiha kwa siku mbili. Jioni mama alitupaka nywele mafuta ya nazi, mmoja mbele ya mwingine, na usiku mmoja rafiki yangu akashika kioo akasema, "Hii nayo ni lustrous. Haina rangi rangi, ni mwanga mmoja tu, lakini laini." Mama akauliza tunasema nini. Tukamweleza. Akasema Wazungu wana kazi.

Alilia pia. Alilia kimya, amegeukia ukuta, akidhani nimelala.

Katika wiki ya tano mwalimu akatuambia tuandike insha juu ya kitu kizuri. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua: nitaandika yale maneno. Nilitaka mwalimu ajue kwamba tofauti tumeijua, na kwa Kiswahili tunaweza kuisema. Rafiki yangu alifurahi kuliko nilivyomwona akifurahi tangu wazazi wake waondolewe. Alilala kifudifudi kwenye kitanda cha mama, nyuma ya pazia, akawa ananitajia nami naandika: njiwa, dimbwi, chupa ya maziwa, nywele. Niliposahau sentensi alinikumbusha. Tulibishana kama ganda la chaza la nyanya yangu, lile lililotoka pwani, liwekwe pamoja na njiwa au pamoja na maziwa, na akashinda yeye. Akasema ganda liko katikati: rangi zake zinahama ukisogea, lakini zinatoka ndani.

"Jina langu usiliandike," akasema.

Sikuliandika. Niliandika "rafiki yangu". Na kwa sababu mwalimu angeisoma kesho yake, na kwa sababu nilitaka insha ianze kwa nguvu, niliandika kwa Kiingereza: Jana rafiki yangu aliniambia kwamba ganda la chaza liko katikati.

Kesho yake mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa. Alisoma taratibu, na alipofika kwenye chupa ya maziwa aliitazama pete yake. Nilijiona mrefu kuliko wasichana wote. Alipomaliza akasema ni kazi nzuri sana, ila kuna kosa moja, mwanzoni.

"Umeandika jana. Nadhani ulitaka kusema zamani, au siku moja. Rafiki yako huyu hayuko tena, sivyo? Umekosea wakati."

Mimi sikuwahi kukosea nyakati. Katika darasa lile hakuna aliyenishinda kwa nyakati za Kiingereza, na mwalimu mwenyewe alikuwa amelisema hilo mara nyingi. Nikasimama.

"Hapana, mwalimu. Sijakosea. Ilikuwa jana."

Nililisikia neno likitoka. Wasichana kumi na wawili waligeuka wakanitazama, kisha wakatazama ile nafasi iliyokuwa wazi kando yangu. Mwalimu alilifunga daftari, akaliweka chini ya vitabu vyake vingine, akaniambia niketi.

Nani aliipeleka habari polisi, sijui hadi leo. Mume wa mwalimu alikuwa mkulima aliyejiunga na polisi wa akiba, kama walivyofanya wakulima wengi wa Kizungu wakati ule. Lakini pia palikuwa na wasichana kumi na wawili, na kila mmoja alikuwa na nyumbani kwao na watu wa kuzungumza nao. Nimemshuku kila mmoja kwa zamu. Ninalolijua kwa hakika ni langu mwenyewe: kwamba nilitoka shule saa nane mchana, nikafika nyumbani, nikamkuta rafiki yangu akichagua mawe kwenye mchele, akaniuliza mwalimu amesema nini. Nikamwambia amesema ni kazi nzuri sana. Basi. Nilikuwa na mchana mzima na jioni nzima. Mama alikuwa na jamaa Lanet, na mwingine karibu na stesheni, ambao wangempokea bila kuuliza. Ningesema tu, "Mama, nimeteleza ulimi." Niliogopa kugombezwa. Nilijiambia hakuna aliyeelewa.

Walikuja asubuhi iliyofuata, mama akiwa anakaanga mandazi. Askari wawili. Mmoja akabaki mlangoni, mwingine akaingia akavuta pazia.

"Huyu ni nani?"

"Mtoto wa dada yangu," mama akasema. Hakuacha kugeuza mandazi. "Ametoka Mombasa, ana homa."

"Msichana, wewe ni Mwislamu?"

"Ndiyo."

"Soma Fatiha."

Akaisoma. Alisimama katikati ya chumba ndani ya buibui la mama, mikono imefumbatana, akaisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakukosea hata mahali pamoja. Yule askari wa mlangoni, ambaye nadhani naye alikuwa Mwislamu, aliitikia amin bila kujijua, kisha akatazama chini.

Yule wa ndani akapumua. "Mama," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, "tusisumbuane. Tumepewa habari kamili. Jina lake tunalo, na la baba yake tunalo."

Rafiki yangu akavua buibui. Chini yake alikuwa amevaa sare ya shule. Aliivaa kila siku, wiki zote tano. Akalikunja buibui vizuri, pembe kwa pembe, akampa mama kwa mikono miwili akasema, "Asante, mama." Mama akalipokea, na hapo ndipo aliposahau mandazi, yakaungua.

Alipopita mbele yangu akasimama. Nilidhani amejua kwamba ni mimi. Nilidhani ataniambia.

"Umepewa ngapi?" akaniuliza.

"Daftari halijarudishwa bado," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akatoka nao. Sikumwona tena.

Mama naye walirudi kumchukua adhuhuri, wakamweka kituoni siku tatu kwa kosa la kuficha mtu. Aliporudi, kabla hajaketi, nilimwambia yote: insha, jana, jioni ile niliyonyamaza. Alinisikiliza amesimama, mkono umeshika fremu ya mlango. Nilingoja kofi. Nililitaka kofi.

"Usimwambie baba yako," akasema, akaenda kuoga. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Daftari lilirudishwa wiki iliyofuata. Nilipewa kumi na tisa kwa ishirini. Neno "jana" lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, limekatwa mara nyingi hata karatasi ikatoboka, na juu yake mwalimu ameandika "siku moja". Kwa miaka mingi niliona ni ukatili, mtu kusahihisha sarufi juu ya jambo kama lile. Siku hizi sina hakika. Pengine alikuwa akijaribu kuliondoa neno lile lisionekane na mtu mwingine. Mwisho wa muhula alihama, na sikupata kumuuliza. Nisingethubutu.

Miaka ilipita. Mwishoni mwa miaka ya hamsini, mambo yalipolegea, baadhi ya Wakikuyu waliruhusiwa kurudi kufanya kazi mashambani. Wakati huo nilikuwa nasomea ualimu. Mwanamke mmoja aliyeuza viazi sokoni Nakuru aliniambia kwamba mke wa yule mkamaji wa Njoro amerudi, yuko Molo, anachuma pareto. Kuhusu binti nilimuuliza, akasema hajui. Alijua. Nilimwona akishughulika na viazi vyake.

Nikapanda basi la Molo Jumamosi. Kulikuwa na baridi na ukungu, na wanawake walikuwa wametawanyika katika shamba la maua meupe, vikapu viunoni. Nilimtambua kwa mgongo wake kabla sijauona uso. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni nani.

Alinitazama kwa muda. "Ni wewe ulikuja kwetu," akasema. "Ule wakati wa chupa."

"Ndiyo, mama."

Hakuacha kuchuma, kwa hiyo nilitembea kando yake kwenye mstari, na nikaanza kuchuma nami nikitia katika kikapu chake. Akaniambia bila mimi kuuliza. Binti yake aliwafikia rizavu baada ya miezi miwili, amepitishwa kambi hii na ile. Wakati huo walikuwa wameshakusanywa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, watu wengi, vyoo vichache, na saa ya kwenda shambani kutafuta chakula ilikuwa moja kwa siku. Ugonjwa wa tumbo uliingia na mvua. Watoto wengi walifariki. Binti yake alikuwa mkubwa, walidhani atapona.

"Aliniambia mulimuficha vizuri sana," akasema. "Akasema makosa ni yake. Siku moja alichoka kukaa ndani, akatoka kwenda kwa bomba, mtu akamuona."

Ilikuwa kweli kwamba asubuhi moja, wiki ya tatu, alitoka kwenda bombani. Alikaa nje dakika chache tu, akarudi, na hakuna lililotokea.

"Nilimgombeza," mama yake akasema. "Nilimgombeza sana. Nikamwambia, si ungetulia? Watu wanakuficha, wewe unatoka kutafuta maji? Hata akiwa mgonjwa alikuwa anasema, mama, ningetulia."

Nilisimama. Yeye akaendelea hatua mbili, tatu, kisha akaona siko, akageuka.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili chepesi, bila kujipamba: kwamba haikuwa bomba. Kwamba ni mimi, darasani, kwa mdomo wangu, na sababu yake ilikuwa majivuno tu, na kwamba baada ya kusema nilirudi nyumbani nikanyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kusema maneno yale, na nilidhani nikiyasema nitakuwa nimelipa kitu. Sikuwa nimejiandaa kwa uso wake. Hakunikasirikia. Nilimwona akirudi nyuma, mpaka kwenye kile kijiji, mpaka kando ya kitanda, akisikia upya kila alichomwambia mtoto asiyekuwa na kosa. Mzigo huo nilimletea mimi, kwa basi, Jumamosi asubuhi, ili mimi nipate nafuu.

Akaketi chini kati ya mistari, kikapu mapajani. Nikaketi mbele yake. Wanawake wengine walitupita wakachuma mbele.

Kisha akaniuliza, "Kwenu alikuwa anakula nini?"

Sikuelewa.

"Zile wiki alikaa kwenu. Mama yako alimpa nini akala?"

Nikamwambia. Asubuhi mandazi, wakati mwingine vitumbua. Mchana ugali na sukuma wiki, au maharagwe. Ijumaa wali. Nikamwambia baba yangu alileta samaki wa kukausha kutoka Kisumu, na kwamba binti yake mwanzoni hakuweza hata kuwanusa, lakini wiki ya pili alikula, na wiki ya nne akawa anagombea kichwa.

"Samaki," mama yake akasema. "Alikula samaki?"

"Alikula."

"Alikuwa anashiba?"

"Alikuwa anashiba, mama. Mama yangu hakumruhusu aache sahani na kitu."

Akaendelea kuniuliza, na mimi nikaendelea kumjibu: alilala wapi, alijifunika nini, nani alimsuka. Ukungu ulikuwa unaondoka shambani na nyapara alishaanza kutuangalia. Akauliza kama alikunywa chai. Nikasema kila siku, mara mbili. Akauliza sukari alitiwa vijiko vingapi, nikamwambia viwili, na jioni vitatu akimbembeleza mama.